Sonona ya mama mzazi: uchambuzi wa kisa kimoja kutoka mwaloni, Ziwa Tanganyika

Mtoto wa kiume, wiki 6, uzito gramu 2,650. Alizaliwa na gramu 2,300. Mtoto mchanga akisharudia uzito wa kuzaliwa, jambo ambalo kwa kawaida hutimia kati ya siku ya 10 na ya 14, anatakiwa kuongeza gramu 25 hadi 30 kwa siku. Katika wiki 4 zilizofuata huyu alipaswa kuongeza 700 au zaidi, ameongeza 350. Hana homa, haharishi, hana utando mdomoni, kaakaa lake ni zima, na akiwekwa titi ananyonya kwa nguvu dakika chache kisha anasinzia. Muuguzi angeweza kuandika "mama aelimishwe kunyonyesha", akampa mtoto chanjo na kumwita anayefuata. Kilichomzuia ni kitu kidogo: mtoto alipoanza kulia kwenye mizani, mama hakugeuka.

Kisa hiki kimetengenezwa kwa ajili ya kufundishia. Mama huyu si mtu mmoja aliyepo. Ni hali zinazoonekana mara kwa mara kliniki za mwambao wa Kigoma, zikawekwa ndani ya maisha ya mtu mmoja. Mwaka umechaguliwa kwa makusudi. Ni 2024, mwaka ambao Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Lengo ni kuonyesha kwamba sonona ya huyu mama, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, haikuanza baada ya kujifungua, na kwamba vihatarishi vyake vilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angeuliza, miezi kadhaa kabla ya uchungu.

Kabla ya mimba hii

Ana miaka 23. Kwao ni Kasulu, kwa wakulima wa maharage na mihogo. Aliolewa mwaloni, ufukweni ambako boti hushusha samaki, akiwa na miaka 17. Mimba ya kwanza, akiwa na 18, ilitimia miezi 9 na mtoto akazaliwa mfu. Ndugu wa mume walimzika mtoto kabla mama hajatoka wodini. Hakumwona sura, hakuoneshwa kaburi, na nyumbani aliambiwa asilie sana, atazaa mwingine. Mimba ya pili ilimpa binti ambaye sasa ana miaka 2 na nusu. Baada ya uzazi ule alikaa kama miezi 4 "sina raha, nacheka kwa sababu watu wanacheka". Mama yake mzazi alikuwa ametoka Kasulu, akakaa naye arobaini nzima na wiki kadhaa juu yake, na hali ile ikapita. Haikuandikwa popote.

Mume ni kibarua kwenye boti za dagaa. Kipato chake kinafuata mwezi: wakati wa giza taa zinavuta dagaa na nyumbani kuna hela, mbalamwezi ikiwaka boti zinapumzika na hela inakatika. Mke hununua dagaa wabichi kwa ndoo, huanika kwenye chanja, huuza kwa wachuuzi. Alikuwa akimeza vidonge vya majira, pakiti ikaisha wakati hana nauli, na mimba ikaingia mnamo Februari. Machi, kabla hajajijua, alikopa shilingi 150,000 za kausha damu, mkopo wa riba kubwa, ili aongeze mtaji wa dagaa, marejesho kila wiki. Mei ziwa likafungwa. Dagaa hakuna, marejesho yapo. Mume akaondoka kwenda kutafuta vibarua Mpanda.

Mahudhurio matatu ya kliniki

Hudhurio la kwanza lilikuwa Julai, mimba ikiwa na wiki 22. Kadi ilijazwa vizuri: presha kawaida, VVU hapana, kaswende hapana, wingi wa damu 9.8, ambao ni pungufu. Alipewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, dawa ya SP ya kuzuia malaria, na chandarua. Kwenye historia ya uzazi iliandikwa "mtoto mfu 1". Aliyeandika akaendelea na mstari unaofuata.

Hapo ndipo tunapopaona kama nafasi kubwa kuliko zote iliyopotea. Mama aliyepoteza mtoto anaingia kwenye mimba nyingine na hofu ambayo haionekani kwenye presha wala kwenye damu. Swali moja lingetosha kufungua: "Baada ya yule mtoto, ulikaaje? Na baada ya huyu binti?" Mwanamke aliyewahi kuugua sonona, iwe ujauzitoni, baada ya uzazi au wakati mwingine wowote, ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kuugua tena. Jibu lake lingempa muuguzi vihatarishi viwili kwa dakika mbili: msiba ambao haukuombolezwa na sonona ya uzazi uliopita ambayo haikutibiwa.

Hudhurio la pili, Septemba, wiki 31. Mume amesharudi, ziwa limefunguliwa, lakini madeni yamempokea mlangoni. Kuna usiku alikunywa, wakagombana kuhusu kausha damu, akampiga kibao na kumsukuma akaangukia kiuno. Kliniki alisema maumivu ya mgongo. Akapewa panadoli. Wingi wa damu 9.1: vidonge vya chuma alikuwa hamezi, vinamsokota tumbo akivimeza bila kula, na siku nyingi alikuwa anakula mlo mmoja. Kadi ikaandikwa "ashauriwe lishe".

Hudhurio la tatu, Oktoba, wiki 35. Wingi wa damu 8.6, uzito umeongezeka kilo 2 tu tangu Julai. Usingizi ulikuwa umekwisha: anaamka saa 9 usiku, anahesabu mateke ya mtoto mpaka asubuhi, asipocheza kwa nusu saa anatetemeka. Hili aliliweka moyoni. Aliulizwa kuhusu damu, maji, kuvimba miguu na kuumwa kichwa, akajibu yote hapana, na yote yalikuwa kweli hapana.

Kufikia hapo alikuwa mgonjwa tayari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu wajawazito 10 kati ya 100 duniani wana tatizo la afya ya akili, kubwa likiwa sonona, na baada ya kujifungua ni 13 kati ya 100. Katika nchi zinazoendelea makadirio yanapanda hadi 15.6 ujauzitoni na 19.8 baada ya uzazi. Sehemu kubwa ya wale wanaogundulika baada ya kujifungua waliingia leba wakiwa nayo. Kwa hiyo kliniki inayosubiri mama ajifungue ndipo imuulize kuhusu moyo wake inakuwa imechelewa.

Uzazi na siku 42 za mwanzo

Uchungu ulianza mwishoni mwa Oktoba, wiki 37. Zahanati ikaona haendelei, akapelekwa hospitali kwa usafiri wa dharura wa m-mama, akapasuliwa usiku. Alitokwa damu nyingi. Hakuwa na ndugu hata mmoja pembeni. Hili tunalitaja kwa uchungu kidogo, maana Kigoma ndiyo mkoa ambako utaratibu wa mama kuwa na msindikizaji chumba cha kujifungulia ulijaribiwa kwenye vituo vya serikali na ukaonekana unawezekana. Kwa mwanamke ambaye mara ya mwisho kupoteza mtoto alikuwa peke yake, usiku ule wa kupasuliwa ulikuwa ni marudio ya ule wa kwanza. Alipozinduka swali lake la kwanza lilikuwa kama mtoto amelia.

Mvua zilikuwa zimeanza. Kasulu ni msimu wa kupanda, mama yake hakuweza kuacha shamba. Arobaini ikasimamiwa na mama mkwe, mwanamke mchapakazi, mwenye nia njema na imani zake. Alitaka kumkanda maji ya moto tumboni kama alivyokandwa yeye. Muuguzi wa wodini alikuwa amekataza kwa sababu ya mshono, na katazo hilo likachukuliwa kama kiburi cha mkwe. Siku ya nne mama alianza kulia. Mama mkwe alisema ni kawaida, na kwa siku ile alikuwa sahihi: huzuni nyepesi ya uzazi huja kati ya siku ya 3 na ya 5 kwa wazazi wengi, mama analia na kucheka saa moja, na kabla ya wiki 2 imekwisha. Mpaka unaotumika ni huo. Huyu alivuka siku ya 14 akiwa bado analia, kisha akaacha kulia, na kuacha kwenyewe ndiko kulikopaswa kutisha.

Wiki ya tatu maziwa yalipungua. Hapa mnyororo unaonekana kwa karibu, kiungo kwa kiungo. Mtoto mwenye uzito pungufu hunyonya kidogo na kuchoka upesi, kwa hiyo anahitaji kuamshwa anyonyeshwe mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Mama mwenye sonona hana nguvu ya kuamsha mtoto aliyelala, anashukuru amelala. Titi lisiponyonywa maziwa yanapungua. Mtoto haongezeki. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba amembemenda mtoto, yaani amelala na mume kabla ya wakati. Hakuwa amelala naye. Lakini tuhuma hiyo haina namna ya kujitetea, na mume alipoisikia mwaloni alirudi na hasira. Mama akaacha kutoka nje. Hudhurio la siku ya 28 hakwenda, kwa sababu kwenda kliniki ni kupita mbele ya watu ukiwa umebeba ushahidi mkononi.

Hakuna aliyembemenda mtoto yule. Alikuwa na njaa, na mama yake alikuwa mgonjwa. Mhudumu wa afya anayesikia neno hilo likitajwa kijijini alichukulie kama taarifa ya dharura mara mbili: kuna mtoto asiyekua, na kuna mwanamke anayelaumiwa. Aende nyumba hiyo siku hiyo hiyo.

Siku ya mizani: alivyoulizwa

Mama mkwe alikuwa amemsindikiza. Majibu yanayotolewa mbele ya mama mkwe au mume hayana thamani ya kitabibu, na kumwambia mzee atoke bila sababu kunamweka mkwe hatarini akirudi nyumbani. Muuguzi alitumia mshono.

"Shikamoo mama. Naomba unishikie mjukuu hapo nje, nimwangalie mama yake mshono."

"Marahaba. Muangalie vizuri, huyu kazi yake kulala tu."

Mlango ulipofungwa hakuanza na karatasi.

"Mdogo wangu, usiku unapitaje?"

"Namwangalia mtoto, dada. Nikifumba macho naona kama hapumui."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi nimechoka na kila kitu."

Kisha maswali mawili ya awali: katika wiki mbili zilizopita, je, umekuwa ukijisikia huzuni au kukata tamaa? Je, mambo uliyokuwa ukiyapenda yamekosa ladha? Ndiyo kwa lolote kati ya hayo inatosha kuendelea na kipimo kamili. Walitumia kipimo cha Edinburgh, kilichochapishwa 1987, chenye maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita na alama kuanzia 0 hadi 30. Vituo vingi huanza kutilia shaka kwenye 10, na 13 kwenda juu huchukuliwa kama dalili nzito ya sonona. Alipata 19.

Kuhesabu alama kuna mtego unaowanasa wengi. Maswali ya 1, 2 na 4 jibu la kwanza ni 0 na la mwisho ni 3. Swali la 3, na la 5 hadi la 10, ni kinyume: jibu la kwanza ni 3 na la mwisho ni 0. Anayehesabu yote kwa mtindo mmoja atamrudisha nyumbani mama mgonjwa akiwa na alama nzuri kwenye karatasi. Mtego wa pili ni kusoma maswali haraka kama mtihani. Mwaloni watu wengi Kiswahili cha vitabuni si cha nyumbani, wanazungumza Kiha. Swali lisomwe, lirudiwe kwa maneno ya kawaida, na ukimya uachwe ufanye kazi yake.

Swali la 10 linahusu mawazo ya kujidhuru, na alijibu kwamba yamekuja, mara chache. Jibu lolote lisilo "hapana kabisa" katika swali hilo linazungumzwa hapo hapo, hata kama jumla ya alama ni 6. Kuuliza hakumtii mtu mawazo hayo kichwani. Muuguzi aliuliza wazi: unafikiria kufa, au kujiua? Umeshapanga namna? Kuna kitu nyumbani? Nini kimekuzuia mpaka leo? Alisema anatamani alale asiamke, hana mpango, na kinachomzuia ni binti yake mkubwa.

Kuhusu mtoto mchanga, alisema jambo ambalo lingemtisha asiyelijua: kila akipita ufukweni inamjia picha ya mtoto akimponyoka na kuzama, ndiyo maana haendi tena ziwani kuosha vyombo. Hii ni picha inayomvamia mama bila yeye kuitaka. Inamtia hofu, na yeye anafanya kila njia kumlinda mtoto nayo. Ni ya kawaida katika sonona na wasiwasi wa uzazi. Tofauti yake na kichaa cha uzazi ni kubwa. Mwenye kichaa cha uzazi anasikia sauti, anaamini mtoto si wake au ni wa ajabu, halali na wala hachoki, maneno yake hayashikani, na mawazo ya kumdhuru mtoto kwake yanaonekana kama jambo la maana. Hali hiyo huwapata wazazi 1 au 2 kati ya 1,000, mara nyingi ndani ya wiki 2 za mwanzo, na ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo. Mama na mtoto wasiachwe peke yao hata kwa dakika. Huyu hakuwa nayo. Aliulizwa pia kama yeye au ndugu wa damu aliwahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, kutumia hela hovyo, kukesha bila kuchoka. Hapana. Swali hili si la kujaza fomu: dawa ya sonona akipewa peke yake mtu mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka inaweza kumrusha upande wa pili.

Mwisho aliulizwa, taratibu, kama kuna mtu nyumbani anayemuumiza au kumtisha. Akanyamaza, akagusa kiuno, akasema.

Mwilini: wingi wa damu 8.1, malaria hasi, VVU ikarudiwa na kuwa hasi, mshono umepona, hana homa, shingo haijavimba. Vipimo hivi havirukwi. Upungufu wa damu peke yake unaleta uchovu, moyo kwenda mbio na kichwa kizito, na tezi ya shingo iliyovurugika baada ya uzazi inaweza kuiga sonona. Kwake damu ndogo ilikuwepo na sonona ilikuwepo, kila moja ikiibeba nyingine.

Uzito wa vihatarishi

Ukiviorodhesha vihatarishi vya mama huyu utapata zaidi ya 10: ndoa ya mapema, mtoto mfu, sonona iliyopita, mimba isiyopangwa, deni, njaa, ukatili, upungufu wa damu, upasuaji wa dharura, mtoto mwenye uzito pungufu, kuwa mbali na mama mzazi, lawama za jamii. Orodha ndefu ina hasara yake: inamchosha muuguzi mwenye wajawazito 40 kwenye benchi, na inamfanya aone kila mwanamke maskini wa mwaloni kama mgonjwa mtarajiwa. Wengi wao wana nusu ya orodha hiyo na hawaugui.

Kwa maoni yetu vitatu ndivyo vilivyobeba mzigo. Cha kwanza ni sonona iliyopita pamoja na msiba wa mtoto, kwa sababu vilimfanya aingie mimba hii akiwa na hofu tayari. Cha pili ni ukatili. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa 2017 uliona wanawake waliofanyiwa ukatili na wenza wao wakati wa ujauzito wana uwezekano wa kama mara 3 zaidi wa kupata sonona baada ya kujifungua. Cha tatu ni kukosekana kwa mtu wake. Mlinganishe na uzazi wa pili: umaskini ulikuwa ule ule, mume yule yule, msiba ule ule tena ukiwa mbichi zaidi. Aliugua, lakini alikuwepo mtu wa kumbeba mtoto usiku na kumpikia uji asubuhi, na ugonjwa ukaisha bila kumfikisha kwenye kutamani kufa. Safari hii mtu huyo hakuwepo.

Deni na kufungwa kwa ziwa tunavipa nafasi ya pembeni lakini si ndogo: havikumgusa moja kwa moja kama vilivyopitia kwa mume. Kufunga ziwa kuna sababu zake za msingi, na dagaa wanahitaji muda wa kuzaliana. Ila zahanati ya mwaloni inajua mapema tarehe za kufungwa, na inaweza kujua wajawazito wake watakaopita miezi hiyo. Hao ndio wa kutembelewa nyumbani.

Kilichofanyika

Hakurudishwa nyumbani na tarehe ya wiki ijayo. Siku ile ile mama mkwe aliitwa ndani, akaelezwa kwamba mkwe wake ana ugonjwa unaotokana na uzazi, unaoitwa sonona, unaotibika, na kwamba damu yake iko 8.1. Namba ya damu ilifanya kazi kubwa kuliko maelezo mengine yote. Mtu anayeamini mkwe wake ni mvivu huanza kusikiliza akiona uvivu una kipimo. Hakuambiwa lolote kuhusu ukatili wala kuhusu swali la 10 kwa undani. Aliambiwa tu mama asilale peke yake na watoto kwa sasa, na kwamba dawa zote na sumu za wadudu zilizomo ndani azitunze yeye mahali pa kufungwa.

Usingizi ulipangwa kama dawa. Kuanzia saa 3 hadi saa 8 usiku mama analala chumba cha pili, saa 5 mfululizo. Mtoto yuko kwa bibi, akiamka anapewa kwa kikombe maziwa ya mama yaliyokamuliwa saa 3. Maziwa yaliyokamuliwa yakifunikwa hukaa salama saa 4 kwenye joto la kawaida, kwa hiyo yakamuliwe saa 3 kamili, mara baada ya kunyonyesha kwa mwisho, na mtoto apewe kabla ya saa 7. Saa 8 mama anaamka na kumnyonyesha mwenyewe. Mchana mtoto akae kifuani ngozi kwa ngozi, na aamshwe anyonye kila baada ya saa 2 hadi 3.

Madini ya chuma: miligramu 120 kwa siku pamoja na foliki asidi mpaka damu irudi, yamezwe baada ya chakula kama yanasokota, na chai ya rangi isinywewe saa 1 kabla wala saa 1 baada yake, maana inazuia chuma kuingia mwilini. Dagaa wenyewe, wakiliwa wazima na kichwa, wana chuma na protini ambayo mwaloni haina haja ya kuinunua mbali; kilichokuwa kikitokea ni kwamba wote walikuwa wanauzwa.

Mazungumzo yaliendeshwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwa kufuata mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa 2015, uliotokana na kazi iliyofanyika vijijini Pakistan. Matokeo yake yalichapishwa 2008: mtoto akiwa na miezi 6, sonona ilibaki kwa asilimia 23 ya kina mama waliotembelewa, dhidi ya asilimia 53 ya wale ambao hawakupata mazungumzo hayo. Waliokuwa wakiwatembelea walikuwa wahudumu wa kijiji waliofundishwa, wala si madaktari wa akili. Kazi ni kulitambua wazo linaloumiza ("mimi nimeshindwa kumlea"), kuliweka mezani pamoja na ushahidi, kutafuta wazo lenye msaada na kitendo kimoja kidogo cha wiki, kisha kurudi kuangalia kama kimefanyika. Wiki ya kwanza kitendo kilikuwa kumwogesha mtoto huku akizungumza naye kwa Kiha. Wiki ya tatu alizungumzia mtoto wa kwanza, akaomba aoneshwe alipozikwa. Mama mkwe alimpeleka.

Dawa ilianzishwa na daktari wa hospitali ya mkoa baada ya siku 10, alama zilipokuwa bado 17. Alichagua sertraline, miligramu 25 kwa wiki moja kisha 50, kwa sababu kiasi kinachoingia kwenye maziwa ya mama ni kidogo sana. Amitriptyline ndiyo inayopatikana kwa urahisi vituoni, na inafanya kazi, lakini ikimezwa nyingi kwa pamoja inaua. Ikilazimu kutumika kwa mama mwenye mawazo ya kufa, apewe ya wiki moja tu na mwingine aitunze. Familia iambiwe mapema kwamba dawa hizi huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha nafuu, la sivyo siku ya 5 zitatupwa. Na mama akipata nafuu asiache. Ataendelea kwa miezi 9 au zaidi tangu apone, kisha apunguziwe na daktari.

Kuhusu ukatili, kosa ambalo lingeweza kufanyika ni kumwita mume na kumkabili kwa maneno ya mkewe. Mama alielezwa kuhusu dawati la jinsia la polisi na afisa ustawi wa jamii, akaulizwa anataka nini. Alisema bado. Uamuzi ukaheshimiwa, akapangiwa pa kukimbilia na mtu wa kumpigia simu hali ikibadilika. Mume aliitwa kipindi cha mbalamwezi, alipokuwa nyumbani, kwa jambo la mtoto: aoneshwe uzito, aelezwe kwamba kubemenda siko kulikomkondesha mwanawe, na apewe kazi. Kazi ilikuwa kuleta samaki wa nyumbani kabla ya kuuza na kumpeleka binti mkubwa kucheza jioni. Kuhusu pombe aliulizwa yeye mwenyewe, faragha, kama mgonjwa mwingine.

Maendeleo

Wiki ya 10, siku ya chanjo ya pili: alama 13, swali la 10 sifuri, mtoto gramu 3,550, wingi wa damu 9.9. Wiki ya 14: alama 8, mtoto gramu 4,450, wingi wa damu 11.2. Mtoto alipolia kwenye mizani mama alikuwa ameshamnyooshea mikono.

Mambo hayajaisha. Deni la kausha damu bado lina salio, na afisa maendeleo ya jamii anamsaidia kuingia kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa ili alihamishe. Mume amepunguza pombe, hajaacha. Mama amechagua kijiti cha uzazi wa mpango cha miaka 3, asiwe anategemea nauli ya kila mwezi. Sertraline anachukua ya wiki 4 kwa mkupuo tangu mawazo ya kufa yalipokoma. Kwenye kadi yake, chini ya "mtoto mfu 1", imeongezwa: "Sonona baada ya uzazi mara 2. Mimba ijayo apimwe hudhurio la kwanza, wiki 28 na wiki 36. Mama yake mzazi aitwe kabla ya wiki 36. Asilale leba bila msindikizaji."